Kinaya na Mafunzo katika Waraka wa Kishairi: Mwana Kupona, Horatius na Msomaji wa Bara

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa kinaya na mafunzo katika waraka wa kishairi, yaani shairi la nasaha lililotungwa kama barua kwa mtu mmoja anayetajwa. Matini kuu ni Utendi wa Mwana Kupona (1858), unaosomwa sambamba na nyaraka za kishairi za Kilatini za Quintus Horatius Flaccus. Hoja ya makala ni kwamba mjadala kuhusu iwapo Mwana Kupona aliukusudia utii au aliukejeli umekwama kwa sababu ya fasili ya kinaya inayotumika, ile ya kusema kinyume. Makala yanairejea maana ya kinaya katika balagha ya Kiarabu, ambamo maana ya ndani haiifuti maana ya juu, na kuonyesha kuwa kinaya cha waraka wa mafunzo hutokana na umbali uliopo kati ya mahali alipo mwalimu na mahali anapomwandaa mwanafunzi kwenda.

Utangulizi

Ni nadra kupata utendi wa Kiswahili uliowagawa wasomaji wake kama ule wa beti 102 ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye, Mwana Hashima, mwaka 1275 wa Hijra, sawa na 1858 Miladia. Kwa wasomaji wa kundi la kwanza, utendi huu ni kanuni za kumtiisha mwanamke: amche Mungu, amheshimu Mtume, awatii baba na mama, kisha amtumikie mume kwa namna ambayo hata pepo yake itategemea radhi za mume huyo. Kwa wasomaji wa kundi la pili, ambao hoja yao ilipata nguvu baada ya uchambuzi wa Ann Biersteker wa mwaka 1991, maneno ya utii ni gamba. Ndani yake mama anamkabidhi binti elimu ya kuiendesha nyumba huku mwenye nyumba akidhani kwamba anaiendesha yeye. Ajabu ni kwamba makundi yote mawili hutolea ushahidi beti zilezile.

Nimeufundisha utendi huu kwa miaka mingi kwa wanafunzi ambao wengi wao hawajaiona Lamu, na nimeona jinsi darasa linavyogawanyika dakika ishirini baada ya kuanza. Wanaoushutumu huzungumza kwa ujasiri. Wanaoutetea hutumia neno kinaya kama ufunguo wa kila mlango. Kinachogombaniwa si kidogo. Iwapo utii wa utendi huu ni wa dhati na hakuna zaidi, bibi huyu anabaki kuwa kinywa cha mfumo uliomlea. Iwapo ni kejeli tupu, anaacha kuwa mama mgonjwa anayemwandikia mwanawe, anageuzwa mwanaharakati wa karne ya 20 aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Katika hali zote mbili tunamnyang'anya kitu alichokuwa nacho.

Makala haya hayatafuti suluhu ya katikati. Yanauliza swali la umbo kabla ya swali la itikadi: matini hii ni ya aina gani? Jibu lake liko wazi katika beti za mwanzo. Mama anamwita binti asogee, achukue wino na karatasi, kwa kuwa anayo maneno moyoni anayotaka kumpa. Amekuwa mgonjwa kwa mwaka mzima na hajapata wasaa wa kumwambia. Mwishoni anataja idadi ya beti, mwaka, na jina lake. Huu ni waraka. Una mwandishi, mwandikiwa, sababu ya kuandikwa, tarehe na sahihi. Tumezoea kuuweka katika fungu la tendi za mawaidha na kuusahau uwaraka wake.

Maana mbili za neno kinaya

Katika mafunzo ya nadharia ya fasihi Afrika Mashariki, kinaya huelezwa kuwa ni kauli au tukio lililo kinyume cha linalosemwa au kutarajiwa. Nasaba ya fasili hii ni ya Kirumi. Marcus Fabius Quintilianus, mwalimu wa balagha wa karne ya kwanza, aliieleza ironia kuwa ni usemi ambao msikilizaji anatakiwa aelewe kinyume cha yanayotamkwa. Kwa fasili hiyo, kauli ama inamaanisha isemavyo ama inamaanisha kinyume chake. Hakuna kukaa katikati ya mto.

Neno lenyewe, hata hivyo, halikutoka Roma. Limetoka katika elimu ya balagha ya Kiarabu, ambamo kinaya ni kutaja jambo moja kwa kukusudia jingine linaloandamana nalo, bila ya kulizuia lile la kwanza lisikusudiwe pia. Hapo ndipo wanabalagha walipoitenga kinaya na majazi. Ukimwita shujaa simba, hiyo ni majazi, kwa kuwa huwezi kumaanisha mnyama mwenyewe. Lakini Abdul-Qahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 1078, aliijadili kinaya kwa mifano ambayo ingali ikifundishwa hadi leo: mtu mrefu husemwa kwamba mkanda wa upanga wake ni mrefu, na mtu mkarimu husemwa kwamba jivu la jikoni kwake ni jingi. Ukarimu ndio unaokusudiwa, na jivu nalo lipo. Anayepika kwa ajili ya wageni kila siku ana jivu kweli, na anayekwenda kulichota atalikuta. Maana ya ndani inasimama juu ya maana ya nje. Ikiondolewa ya nje, ya ndani nayo inaanguka.

Istilahi yetu basi imebeba jina la Kiarabu na fasili ya Kirumi. Si aibu; istilahi husafiri. Ila kwa matini iliyozaliwa Pwani, katika jamii ambayo elimu yake ilipitia Kiarabu, fasili ya Kirumi inaweza kutuuliza swali lisilo na jibu. Sidai kwamba Mwana Kupona alimsoma al-Jurjani, wala hoja yangu haihitaji hivyo. Ninachodai ni kwamba kinaya cha jivu kinaeleza vizuri zaidi namna utendi wake unavyofanya kazi kuliko kinaya cha kusema kinyume. Na jambo la kufurahisha ni kwamba hata washairi wa Roma yenyewe, walipoandika nyaraka za mafunzo, walitumia kinaya ambacho fasili ya Quintilianus haikitoshi.

Roma: mwalimu aliyejitenga shambani

Quintus Horatius Flaccus, ambaye Waingereza humwita Horace, alizaliwa mwaka 65 K.K. huko Venusia, kusini mwa Italia, akiwa mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa na kuachwa huru. Alipigana mwaka 42 K.K. huko Philippi, upande ulioshindwa. Baadaye akapata ulinzi wa Maecenas, rafiki na mshauri wa Augustus, ambaye alimpa shamba katika milima ya Wasabini. Kitabu chake cha kwanza cha nyaraka kilitoka mwaka 20 K.K. hivi. Kina nyaraka 20, kila moja ikimwelekea mtu anayetajwa, isipokuwa ile ya mwisho ambayo anakiandikia kitabu chenyewe, kikiwa kinataka kutoka nyumbani kwenda sokoni. Bahari yake ni ile ya mishororo ya futi sita waliyoitumia washairi wa tendi za vita, lakini ameishusha hadi kwenye lugha ya mazungumzo. Mshairi wa Kiswahili anaielewa hatua hiyo bila ya kuelezwa: bahari ya utendi, yenye vipande vinne vya mizani minane na kina cha mwisho kinachopita ubeti hadi ubeti, ndiyo inayobeba vita vya Mtume na ndiyo inayobeba maneno ya mama chumbani.

Horatius anafundisha. Jambo hilo lisemwe kwanza, maana wapo wasomaji ambao wakishaonja tabasamu lake husahau kwamba kuna somo. Anamwandikia kijana Lollius kwamba amekuwa akimsoma tena Homeros, na kwamba mshairi huyo anafundisha lililo jema na lenye kufaa kuliko wanafalsafa wenye majina. Anaonya juu ya hasira, uroho na uvivu. Hapo hapo anajicheka. Katika waraka kwa Albius anajieleza kuwa nguruwe mnono wa kundi la Epicurus. Katika waraka kwa Celsus anakiri kuwa haishi vyema wala kwa raha: akiwa Roma anaitamani Tibur, akiwa Tibur anaitamani Roma; kisha anammalizia Celsus kwa onyo fupi kwamba jinsi atakavyoichukua bahati yake mpya, ndivyo marafiki watakavyomchukua yeye. Mgonjwa anatoa dawa, na dawa ni ya kweli.

Nyaraka zinazotuhusu zaidi ni mbili, ya 17 na ya 18, kwa Scaeva na kwa Lollius. Zote zinafundisha jambo moja: namna ya kuishi na mkubwa. Kijana Mrumi asiye na mali aliyetaka kupanda alihitaji mlinzi, na kuishi karibu na mlinzi kulikuwa na adabu zake. Usimwombe kila mara, kwa kuwa anayeunyamazia umaskini wake hupewa zaidi ya anayeulilia. Kunguru angekula kimya angebaki na chakula kingi na ugomvi mchache. Usitoe siri yake, hata uchokozwe kwa mvinyo au kwa hasira. Akitaka kwenda kuwinda, usimwambie kwamba unaandika mashairi. Ondoka ufuatane naye. Usicheke anapohuzunika.

Msomaji anayetafuta kejeli ataipata bila ya taabu. Mwanzoni mwa waraka kwa Scaeva, Horatius anasema kwamba yeye mwenyewe angali anahitaji kufundishwa, na kwamba nasaha zake ni kama kipofu kumwonyesha mwenzake njia. Katikati ya waraka kwa Lollius anasema kuwa urafiki na mkubwa ni mtamu kwa asiyeuonja na unatisha kwa aliyeuonja. Na mwisho wa waraka huo, baada ya kanuni zote hizo za kumpendeza mlinzi, mshairi anajionyesha yuko kando ya kijito cha Digentia, akimwomba Mungu wake abaki na kidogo alichonacho, vitabu, na nafaka ya mwaka mmoja. Yaani mwalimu wa kuishi na wakubwa amekwisha kuondoka kwenye nyumba za wakubwa.

Je, anazikejeli kanuni zake? Hapana. Lollius anakwenda kuishi na mlinzi kesho, si miaka kumi ijayo. Kanuni zitamfaa kesho. Horatius alizitumia kanuni hizohizo kwa Maecenas, na zikamfikisha shambani. Jivu lipo jikoni. Lakini aliyezisema amesimama mahali pengine, na Lollius, akiwa na masikio, atasikia kutoka mahali hapo kitu ambacho hakijaandikwa miongoni mwa kanuni: kwamba utumishi huu una mwisho, na kwamba anayeujua vyema ni yule aliyeutoka.

Siu, miaka miwili baada ya Bwana Mataka

Sasa tuvuke bahari. Kisiwa cha Pate katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 kilikuwa na mji wa Siu, na Siu ilikuwa na Bwana Mataka, ambaye kwa miaka mingi aliwapinga Mabusaidi wa Zanzibar na majeshi ya Sayyid Said. Alifariki mwaka 1856, mwaka uleule aliofariki Sayyid Said. Mwana Kupona alikuwa mkewe. Alipokuwa akitunga utendi, basi, alikuwa mjane wa takriban miaka miwili, na Mwana Hashima alikuwa msichana wa miaka 17 hivi.

Ushairi wa kutumiana haukuwa mgeni katika mwambao huo. Kizazi kimoja nyuma, wakati wa uhasama kati ya Mombasa na Lamu uliofikia kilele chake katika vita vya Shela mwanzoni mwa miaka ya 1810, washairi wa miji hiyo walijibizana kwa beti. Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu ndio wanaokumbukwa zaidi. Abdulaziz (1979) ameeleza vizuri jinsi beti za Muyaka zilivyokuwa sehemu ya siasa za mji wake. Kinaya cha beti za namna hiyo ni cha ncha kali. Mwandikiwa ni adui, na anatarajiwa kuumia. Hicho ndicho kinaya kinachokaribia fasili ya Quintilianus: unamsifu mtu kwa ushujaa baada ya kukimbia.

Mwana Kupona alikuwa na mwandikiwa wa aina nyingine kabisa. Hakumwandikia adui wala mshindani, alimwandikia mwanawe, naye ana haraka kwa sababu ya maradhi. Anamwahidi kumpa hirizi na kidani cha lulu na marijani. Maana yake ni kwamba maneno yenyewe ndiyo hirizi na ndiyo kidani, yavaliwe. Ikumbukwe kwamba kichwa cha habari ambacho wengi tumekirithi, kinachoufanya utendi kuwa nasaha juu ya wajibu wa mke, ni cha wahariri Alice Werner na William Hichens katika chapa yao ya Kiingereza ya mwaka 1934. Si dhambi yao kubwa, ila kichwa hicho kimefanya kazi kuliko utangulizi wowote: kimeondoa kidani, kikabakisha wajibu.

Mtoto asiyejua kunena

Tuitazame nasaha yenyewe. Mume amekuja: mke asimjibu kwa hasira, ajitahidi kunyamaa. Mume amelala: asimwamshe, asipaze sauti, asiondoke karibu naye ili akiamka asimkose. Ameamka: amwandalie chakula, amkande mwili, amtie manukato, amnyoe, amfukize udi. Na katikati ya orodha hii imewekwa tashbihi ambayo imezua mjadala wote: amtunze mume kama mtoto mdogo ambaye hajajua kunena.

Kundi la kwanza huona hapa kilele cha utumwa wa nyumbani. Kundi la pili huona mume akivuliwa enzi na kutiwa mbeleko. Fasili ya kusema kinyume inatulazimisha tuchague. Kinaya cha jivu hakitulazimishi. Mtoto asiyejua kunena hutunzwa kwa huruma ya kweli; hakuna mama anayemtunza kwa kejeli. Na mtoto asiyejua kunena ndiye ambaye mambo yake yote huamuliwa na mwenye kunena. Hizi si maana mbili zinazopigana. Ni hali moja iliyotazamwa pande mbili, na haiwezekani kuwa na upande wa pili bila ya kuwa na wa kwanza. Mke asiyemtunza hana madaraka hayo. Madaraka yanatoka katika utunzaji wenyewe.

Hata ukimya aliousiwa binti unafanana na ule wa kunguru wa Horatius. Ni adabu, na ni mbinu, na ukiuondolea adabu ukabakiza mbinu, mume ataigundua siku ya pili. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosoma utendi huu kama maandishi ya siri. Siri ni kitu kinachoharibika kikigunduliwa. Lakini utendi huu ulisomwa na wanaume, ulinakiliwa na wanaume, na haukuharibika. Mume angeweza kuusoma kila siku na mafunzo yake yakabaki yanafanya kazi, kwa sababu hakuna uongo uliofichwa ndani yake.

Tena ipo sehemu ya Siku ya Kiyama, ambapo mume ataulizwa kuhusu mkewe na neno lake litatekelezwa. Mhakiki anayeitia sehemu hii katika fungu la kejeli anapaswa aeleze namna Mwislamu aliyelala kitandani mwaka mzima, na ambaye sehemu ndefu ya mwisho wa utendi wake ni dua kwa ajili ya wanawe, jamaa zake na uponyaji wake, anavyoweza kuifanyia mzaha pepo. Siioni hoja hiyo ikisimama.

Lakini kinachofuata baada ya nasaha ndicho ninachokiona kuwa moyo wa waraka, nacho kimepewa nafasi ndogo mno katika mjadala. Mwana Kupona anaisimulia ndoa yake mwenyewe. Waliishi kwa furaha na kicheko, hawakuvunjiana heshima, na ajali ilipomkaribia mume, alimkariria mkewe radhi zake kabla ya kufa. Tujiulize ni nani shahidi wa jambo hili. Bwana Mataka, aliyeyasema maneno hayo, yuko kaburini. Neno la mume, lile ambalo Siku ya Kiyama ndilo litakaloulizwa, limehifadhiwa mahali pamoja tu, nalo ni katika utendi uliotungwa na mke. Yeye ndiye aliyelisikia, yeye ndiye anayeliripoti, na yeye ndiye anayelitia katika vina na kuliwekea tarehe. Hasemi uongo, hatuna sababu ya kumshuku. Lakini mwenye kunena sasa ni yeye.

Kama Horatius kando ya Digentia, Mwana Kupona anafundisha kazi ambayo amekwisha kuimaliza. Anaifundisha kutoka upande wa pili, akiwa mjane ambaye hana tena mume wa kumnyamazia. Binti anayeandaliwa kunyamaza anafundishwa na mwanamke anayesema bila ya kukatizwa kwa beti 102. Umbali huo, kati ya sauti ya mwalimu na ukimya wa somo, ndicho kinaya cha waraka huu. Hakikutiwa kama kitoweo. Kimo katika hali ya kuandika.

Wasomaji wa pembeni

Waraka wa kishairi una jambo moja zaidi ambalo barua ya kawaida haina: umeandikwa kwa mmoja ili usomwe na wengi. Mwana Kupona mwenyewe, karibu na tamati, anawageukia wanawake kwa ujumla na kuwaambia wausome ili wasipatwe na lawama mbele ya Mungu. Mwandikiwa ni Mwana Hashima. Msomaji wa pembeni ni kila mwanamke, na nyuma yao wamesimama waume.

Roma ilikuwa na mfano wa kutisha wa jambo hili. Publius Ovidius Naso alihamishwa na Augustus mwaka 8 Miladia hadi Tomis, kwenye ufuo wa Bahari Nyeusi, na kutoka huko akatuma nyaraka za kishairi kwa miaka mingi. Katika mkusanyo wa mwanzo alificha majina ya waandikiwa asije akawaponza; katika ule wa baadaye akawataja. Lakini msomaji wa pembeni alikuwa mmoja siku zote, mfalme, na kila sifa aliyopewa mfalme humo imewaacha wasomaji wa karne ishirini wakibishana kama ni unyenyekevu au ni dhihaka. Nadhani ubishi huo nao umekwama palepale. Aliyehamishwa anayeomba arudishwe anaomba kwa dhati. Na kuomba kwake kwa dhati, mara kwa mara, mbele ya watu wote, kunamshtaki yule anayekataa.

Kusomea Bugomora

Bugomora ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. Lugha ya nyumbani huko ni Kinyambo. Kiswahili si kigeni huko kama watu wa Pwani wanavyodhani: John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, miaka mitatu tu baada ya Mwana Kupona kuukamilisha utendi wake, wafanyabiashara wa kutoka Pwani walikwisha kuwa na kituo Kafuro. Pamoja na hayo, msomaji wa Bugomora anakutana na utendi huu kama kitu cha mbali. Msamiati ni wa Kiamu, dini kwa walio wengi si yake, na hirizi, udi na marijani ni vitu vya kwenye tanbihi. Toleo linalomfikia mara nyingi ni la M. M. Mulokozi, Tenzi Tatu za Kale (1999), na si jambo dogo kwamba mhariri huyo ndiye pia aliyezichunguza tendi za enanga za Wahaya, majirani wa Wanyambo katika mkoa huohuo.

Walakini nimeona kwamba msomaji huyu wa mbali huwa na kitu ambacho nadharia ilikuwa imempokonya. Katika harusi za Bugomora, kama kwingi katika nchi za Maziwa Makuu, shangazi ndiye mwenye kauli kwa bibi harusi. Mbele ya wageni yanasemwa maneno ya utii, na yanasemwa kwa sauti, na baba yupo anasikiliza. Chumbani shangazi anasema mengine. Mtu wa nje angetarajia kwamba ya chumbani yanayapinga ya uani. Sivyo. Ya chumbani yanaeleza namna ya kuyatenda ya uani bila ya kuvunjika: wakati gani wa kunyamaa, wakati gani wa kusema, jambo gani lipelekwe kwa mama mkwe kwanza. Na shangazi mwenyewe, ambaye mara nyingi amekwisha kulea na kuoza, na pengine amekwisha kuzika, hakuna amwonaye kuwa mtiifu kwa yeyote katika chumba kile.

Mwanafunzi aliyewahi kukaa katika chumba hicho, au kusimuliwa na dadake, haoni kitendawili katika beti za Mwana Kupona hadi pale tunapomfundisha kuchagua kati ya dhati na kejeli. Anaijua sauti ile. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona ameziunganisha uani na chumba katika matini moja, na ameiandika.

Waraka wa baba

Hoja inayotolewa hapa inaweza kupimwa. Iwapo kinaya cha waraka wa mafunzo hutokana na mahali alipo mwalimu, basi mafunzo yaleyale yakitolewa na mtu aliyesimama mahali pengine, kinaya kitabadilika au kitatoweka hata kama maneno hayakubadilika. Kipimo tunacho. Shaaban Robert, baada ya kufiwa na mkewe Amina, aliwatungia wanawe tenzi mbili za nasaha, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa mvulana. Hati ni maandishi; mtunzi alijua kwamba anaandika waraka. Nasaha kwa binti zinahusu dini, tabia na unyumba, na nyayo za Mwana Kupona zinaonekana katika mpangilio mzima. Baba amejaribu kukaa mahali pa mama asiyekuwepo, na kuna upole mwingi katika jaribio hilo.

Lakini pale anapomwusia binti juu ya kukaa na mume, mwalimu anayeongea ni mtu ambaye hakuwahi kukaa upande huo wa mlango. Ameufahamu utii kwa kuupokea. Maneno yanakaribiana sana na ya Mwana Kupona, na ukiyaweka karatasi kwa karatasi mtu asiyejua majina ya watunzi angeweza kuyachanganya. Ila ukisoma ukiwa na majina, jivu unaliona kwenye utenzi wa baba na moto huuoni. Kwa upande mwingine, waraka kwa mvulana, ambamo baba anafundisha njia aliyoipita mwenyewe kama karani wa serikali ya kikoloni na mshairi, una tabasamu la aina ya Horatius katika sehemu ambazo wahakiki wamezipita haraka. Ulinganishi wa tenzi hizo mbili kwa kipimo hiki, ubeti kwa ubeti, haujapewa nafasi unayostahili, na vivyo hivyo nasaha za kishairi ambazo Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu amewatungia wasichana wa mji wake katika zama zetu, naye akiwa imamu, baba na jirani kwa wakati mmoja.